Utandawazi: Neno Jipya, Jambo la Zamani Ziwani Kwetu



Siku moja kijana wa shule ya sekondari alitujia baada ya mafundisho, daftari mkononi. Mwalimu wake wa shule alikuwa amewaagiza waeleze maana ya neno "utandawazi". Yeye aliandika hivi: "Utandawazi ni dunia yote kuwa kijiji kimoja." Akatuuliza: "Mwalimu, nimejibu vema?" Kabla hatujafungua kinywa, mama yake, aliyekuwa akingoja mlangoni pamoja na beseni lake la ndakala, alitangulia kujibu: "Mwanangu, kama dunia ni kijiji kimoja, mbona mimi sijaitwa hata mara moja barazani wanapopanga bei ya dola?"

Tulicheka sote, lakini maneno ya mama yule yalitukaa moyoni. Mtoto alikuwa na jibu la kitabuni. Mama alikuwa na swali la sokoni. Nasi twaona ya kuwa mtu hawezi kulieleza neno hili vema pasipo kuyashika yote mawili. Kwa hiyo leo tutawauliza wenye elimu mbalimbali, kila mmoja kwa zamu yake, wanalionaje jambo hili. Na kila mara tutarudi hapa kwetu, Uvira na ufuko wote wa kaskazini wa Tanganyika, tupime maneno yao kwa mambo yaliyotokea kweli.

1. Neno na jambo

Neno utandawazi halina umri mkubwa. Limeundwa kwa maneno mawili, tanda na wazi, likaenea katika Kiswahili mnamo miaka ya 1990. Kutanda twakujua: mawingu hutanda juu ya milima ya Itombwe wakati wa masika, yakafunika kila kitu. Waliosoma kwa Kifaransa husema mondialisation, maana yake jambo kuwa la dunia nzima.

Walakini neno ni moja, na jambo ni jingine. Mvua ilinyesha kabla ya watu kuipa jina. Vivyo hivyo watu wa ufuko wetu walikuwa wamefungamana na watu wa mbali miaka mia na zaidi kabla ya neno hili kuzaliwa. Ili tusiseme hewani, tuanze na mahali pamoja na mwaka mmoja: Uvira, mwaka 1858.

2. Soko la Uvira mwaka 1858

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule mitumbwi miwili ilifika Uvira kutoka Ujiji. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walitumaini kwamba Rusizi yatoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba sivyo: Rusizi yaingia ziwani. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kuhakikisha kwa macho yao, wakakuta wenyeji walisema kweli.

Lakini kwetu leo lililo kubwa si mto, bali ni soko. Burton aliandika ya kuwa Uvira ilikuwa kituo cha mwisho upande wa kaskazini walikofika wafanyabiashara, tena ghala kuu ya upande huo. Vitu vilivyouzwa vilikuwa pembe za tembo, nafaka, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma, na, twasema kwa huzuni, watu. Vitu vilivyolipwa vilikuwa hasa nguo na shanga. Nguo nyeupe iliitwa merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Nguo ya samawi iliitwa kaniki, nayo ilitoka India. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, nchi ya Italia. Na kule Ujiji shanga zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha sokoni.

Sasa tuchukue pembe moja tu, tuifuate. Kutoka Uvira ilipakiwa mtumbwini mpaka Ujiji. Huko ilipanda juu ya bega la mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, ikapita Tabora mpaka pwani, ikavushwa kwa jahazi mpaka Unguja. Pale ilingojwa na merikebu za Waingereza, za Wahindi, na za Wamarekani wa mji wa Salem, kwa maana Sayyid Said wa Unguja alikuwa amefanya mapatano ya biashara na Marekani mwaka 1833. Ilipofika ng'ambo ilikatwa vipande ili kutengeneza vibao vya piano, vitana, na mipira ya mchezo wa biliadi. Katika jimbo la Connecticut uko mji uitwao Ivoryton, yaani mji wa pembe; ulipata jina lake kwa kazi hiyo.

Na ile merikani iliyokuja kulipa? Pamba yake ililimwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani na watu weusi waliokuwa watumwa, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja. Basi angalieni vema: mtumwa wa kule alilima pamba, na nguo ya pamba ile ikamnunua mtumwa wa huku. Wawili hao hawakuonana kamwe, wala hawakujuana majina. Lakini maisha yao yalifungwa kwa kamba moja.

Soko hilo ndilo litakalotusaidia kuwapima wenye elimu.

3. Mwenye elimu ya uchumi hutazama bei

Mtu wa elimu ya uchumi akiulizwa utandawazi ni nini, husema: ni masoko ya nchi nyingi kuungana, hata bei ya hapa ikafuata bei ya kule. Theodore Levitt, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, ndiye aliyewazoesha wafanyabiashara neno hili kwa makala yake ya mwaka 1983. Yeye alitazamia kwamba watu wote watataka vitu vya namna moja.

Mwingine, Immanuel Wallerstein, aliandika tangu mwaka 1974 kwa namna nyingine. Alisema kwamba tangu karne ya 16 umekuwako mfumo mmoja wa biashara ulioanzia Ulaya na kuzidi kupanuka. Katika mfumo huo nchi za katikati hufanya kazi zenye faida kubwa, na nchi za pembeni hutoa vitu vibichi na nguvu za mikono. Tukitazama pembe yetu twaona alikuwa na sababu: piano iliuzwa ghali kuliko pembe, na pembe iliuzwa ghali kuliko bega la mpagazi.

Je, bei za mbali zilitufikia kweli? Ndiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hata 1865, viliziba njia ya pamba. Merikani ikawa haba Unguja, na viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vikaingia mahali pake kwa kuiga nguo ile ile. Watu wa bara hawakuwa na habari za vita hivyo, ila waliviona katika urefu wa nguo waliyopewa.

Lakini tusije tukadhani ya kuwa babu zetu walipokea tu kila waliloletewa. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha jinsi wanunuzi wa Afrika ya Mashariki walivyowashinda wafanyabiashara kwa kuchagua. Shanga ya rangi isiyopendwa mwaka ule haikununuliwa hata kidogo. Mwenye msafara aliweza kufika bara na mizigo tele, akakosa chakula. Kwa hiyo wenye viwanda wa mbali walilazimika kuuliza kwanza: watu wa kule wataka nini?

Leo mama wa ndakala hatumii sofi, bali franka za Kongo na dola. Mafuta, unga na sabuni vyaja kwa bandari ya Kalundu au kwa mpaka wa Kavimvira. Dola ikipanda, navyo hupanda. Mchimbaji wa dhahabu wa Fizi hulipwa kwa kufuata bei ya dunia, ingawa ile bei haipangwi Fizi. Kwa upande wa uchumi, basi, mama alisema kweli: yumo ndani ya soko la dunia, lakini barazani hayumo.

4. Mwenye elimu ya jiografia hutazama umbali

Burton na Speke waliondoka Unguja Juni 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Walitumia karibu miezi minane, tena walifika wagonjwa, mmoja hawezi kutembea, mwingine macho yamefunga. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani ilifika Kigoma, na safari ile ya miezi ikawa ya siku chache. Ndipo vikaja vipande vya meli kubwa iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, vikaunganishwa Kigoma, meli ikashushwa majini mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikaanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wazee wetu wengi walisafiri nayo.

Mwanajiografia David Harvey alieleza jambo hili mwaka 1989. Kwake yeye dunia imebanwa: muda umefupishwa hata umbali ukawa kama umepunguzwa. Kitu kilichokuwa mbali kwa miguu ni karibu kwa reli, na kwa simu ni hapa hapa.

Maneno hayo ni mema, lakini mwenzake Doreen Massey aliongeza swali mwaka 1991: umbali umepunguzwa kwa nani? Maana si wote wanaosafiri sawasawa. Wako wanaoendesha, wako wanaochukuliwa, na wako wanaobaki njiani wakitazama vumbi. Nasi twayaona hayo kila siku. Neno lililosemwa kwa simu kutoka Uvira lafika Dubai kabla hujafumba jicho. Lakini gunia la viazi kutoka milima ya Itombwe laja kwa mgongo wa mtu, na mvua ikinyesha barabara ya kwenda Baraka na Fizi huweza kufunga gari matopeni siku nzima. Kwa mwenye simu Dubai ni karibu. Kwa mwenye gunia Uvira yenyewe ingali mbali.

5. Mwenye elimu ya siasa hutazama mamlaka

Mtu wa siasa huuliza: ni nani atoaye amri, na yuko wapi? Kwake utandawazi ni hali ya mambo ya nchi kuamuliwa pia na watu walio nje ya nchi.

Kwa jambo hili ufuko wetu una mifano mingi kupita kiasi. Tangu Novemba 1884 hata Februari 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin kupatana juu ya Afrika. Hakuna Mvira, Mfuliru, Mbembe wala Mrundi aliyeitwa. Baadaye Wabelgiji na Wajerumani waligombania bonde la Rusizi na nchi ya Kivu, hata wakapatana Brussels mwaka 1910, nao mto ukawa mpaka. Ndugu waliokuwa wakivuka kwenda kuoa au kuuza chumvi wakajikuta wa serikali mbili.

Tena, Juni 1914 mrithi wa kiti cha kifalme aliuawa Sarajevo, mji ambao mababu zetu hawakuusikia kamwe. Agosti mwaka ule ule meli ya Wajerumani ilipiga mizinga ufukoni kwa Kongo, na watu wa pande zote za ziwa wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita.

Mambo ya mwaka 1964 wazee wetu waliyaona kwa macho. Mei mwaka ule Uvira ilianguka mikononi mwa waasi walioitwa Simba. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na Wakuba wenzake ili kuwasaidia, akakaa milima ya Fizi hata Novemba. Kwa upande wa serikali walikuwako Wabelgiji, askari wa kukodiwa, na Wakuba wengine, adui za Fidel Castro, walioletwa na Wamarekani kulinda ziwa kwa mashua. Ndiyo kusema Wakuba walikuwa pande zote mbili za vita vyetu. Ugomvi wa Washington, Moscow na Havana ulikuja kupiganwa penye mashamba ya mihogo. Katika siku hizo, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa Baraka na Fizi mapadre Luigi Carrara na Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin, na padre Albert Joubert, mzaliwa wa baba Mfaransa na mama Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024 watu walikusanyika hapa Uvira walipotangazwa kuwa Wenye Heri.

Wenye elimu ya siasa hawapatani juu ya mwisho wa mambo haya. Kenichi Ohmae, Mjapani, aliandika mwaka 1990 kana kwamba mipaka imekwisha nguvu. Paul Hirst na Grahame Thompson, Waingereza, wakajibu mwaka 1996 kwamba serikali zingali na nguvu, na kwamba zenyewe ndizo zilizofungua milango. Asimameye Kavimvira asubuhi huona kweli ya pande zote mbili: mizigo yapita, na watu wangoja na karatasi zao mkononi.

Na amri ya mbali, hata yenye nia njema, huweza kumwumiza asiyeulizwa. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria kuyalazimisha makampuni kueleza kama bati, koltani, volframu au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo na nchi jirani. Nia ilikuwa kuzuia fedha isinunue bunduki. Septemba mwaka ule serikali yetu nayo ikasimamisha uchimbaji wa Kivu na Maniema, hata Machi 2011. Wanunuzi wengi wa ng'ambo waliona heri wasinunue kwetu kabisa. Bunduki hazikuondoka, na wachimbaji wengi wakakosa chakula cha watoto.

Upande mwingine, Aprili 2022 Kongo ilitia sahihi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi Uvira, Bujumbura, Kigoma na Dar es Salaam, miji ya njia ile ya pembe, imewekwa tena chini ya mapatano mamoja. Tofauti ni kwamba safari hii jina la nchi yetu liko katika waraka.

6. Mwenye elimu ya jamii na ya desturi hutazama watu

Anthony Giddens, mwalimu wa elimu ya jamii, alifundisha mwaka 1990 kwamba utandawazi ni mafungamano ya watu wa mbali kukazana hata jambo la kule likageuza maisha ya huku, na la huku likageuza ya kule. Roland Robertson, mwaka 1992, aliongeza la moyoni: watu huanza pia kujiona wenyewe kuwa wa dunia moja. Na Arjun Appadurai, mzaliwa wa India, katika kitabu cha mwaka 1996, alisema si kitu kimoja kinachotiririka, bali ni vingi, kila kimoja kwa mwendo wake: watu, fedha, mashine, habari na mawazo.

Tazameni lugha yenyewe tunayoandika. Kiswahili kilikuja ziwani kwa njia ya misafara, pamoja na nguo na minyororo. Leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, nacho kinasema mambo ambayo wenye misafara hawakuyawaza. Au tazameni kitenge. Ufundi wa kuchora nguo kwa nta ulikuwa wa Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine, wakaleta nguo zao Afrika. Leo nyingi zatengenezwa China. Lakini mwanamke wa Uvira akikivaa siku ya arusi, ni vazi la kwetu. Watu hupokea kitu, halafu hukifanya chao. Robertson naye alikazia jambo hili, kwamba mambo ya dunia hayafiki mahali pasipo kugeuzwa na mahali hapo.

Zaidi ya vitu tuwatazame watu wawili. Katika safari ya Burton alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliuzwa angali mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru, akarudi Afrika. Bila yeye na wenzake Wazungu wale wasingalifika popote. Wa pili ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, Afrika ya Magharibi, akaibwa na kuuzwa angali mtoto. Mapadre Weupe walimkomboa jangwani, wakamsomesha Algeria na Malta kazi ya uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Njia za utumwa ziliwatupa watu hao mbali na kwao. Wao wakazitumia njia hizo hizo kwa kazi nyingine. Hatusemi hivyo ili kuusifu utumwa, la hasha. Twasema ili mtu asidhani ya kuwa aliyechukuliwa kwa nguvu amekwisha kuwa kitu. Yeye naye hutenda.

7. Mwanahistoria hutazama kamba ilipokatika

Mwisho tumwulize mwanahistoria. Frederick Cooper, aliyechunguza sana mambo ya Afrika, aliandika mwaka 2001 akiwaonya wenzake wote. Alisema neno hili hutudanganya mara mbili. Kwanza latufanya tudhani kwamba ni jambo jipya. Pili latufanya tudhani kwamba limefunika dunia yote sawasawa. Kumbe mafungamano yana mahali pazito na mahali patupu, tena yana mwisho. James Ferguson, mwenye elimu ya desturi, naye aliandika mwaka 2006 kwamba fedha ya dunia haitiririki Afrika kama mto unaonywesha bonde lote. Huruka kama ndege, ikatua hapa, ikapita pale.

Nani ajuaye hayo kuliko sisi? Mwaka 1858 Uvira ilikuwa ghala kuu. Biashara ile ya pembe na watu ikaisha. Wabelgiji walilazimisha kilimo cha pamba bondeni, wakajenga reli kutoka Uvira kwenda Kamanyola. Leo treni haipo tena. Baadaye kilisimama kiwanda cha sukari Kiliba, kikaajiri watu wengi wa bonde. Vita vya mwaka 1996 vilikinyamazisha, na miaka mingi watu wa Kiliba wakatia katika chai sukari ya nchi nyingine. Kwa nini? Si kwa sababu miwa haioti tena. Ni kwa sababu penye bunduki ndege yule hatui, ila kwa dhahabu, maana dhahabu hubebwa mfukoni.

Hili ndilo lisiloonekana katika jibu la "kijiji kimoja". Kijijini mtu hafutwi mwaka huu na kurudishwa mwaka ujao. Katika biashara ya dunia mji mzima huweza kuwa katikati leo, na kesho ukarukwa.

8. Basi tujibuje?

Kila mwenye elimu ameleta kitu cha kweli. Wa uchumi ameleta bei, wa jiografia umbali, wa siasa amri, wa jamii na desturi maisha ya watu, wa historia ametukumbusha mwanzo na mwisho. Tukiyafunga pamoja twaweza kusema hivi: utandawazi ni kufungamana kwa watu wa mahali pa mbali, kwa biashara, kwa safari, kwa amri na kwa mawazo, hata jambo la kule likageuza maisha ya huku, na la huku ya kule, lakini kamba hiyo haiwafungi wote sawasawa, kwa kuwa wengine huishika, wengine huburutwa nayo, na wengine huachwa nje.

Kwa nini tumejisumbua hivi kwa neno moja? Kwa sababu jibu fupi hutunyima haki ya kuuliza. Mtu akikuambia dunia ni kijiji kimoja, wewe huna la kufanya ila kushukuru. Lakini ukijua ya kuwa ni kamba yenye mikono inayoivuta, utatafuta mikono hiyo iko wapi, na wako uko wapi.

Basi, ndugu zangu, siku wakija watu na kampuni mpya, barabara mpya, sheria mpya au mapatano mapya, wakisema kwamba ndiyo maendeleo ya dunia, tuwaulize kwa adabu maneno manne. La kwanza: bei inapangwa wapi, na nani wetu yumo? La pili: njia hii yafupisha safari ya nani? La tatu: amri ikitudhuru, tutamshitaki nani, na kwa lugha gani? La nne: siku mtakapoondoka, mtatuachia nini? Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji anyamaze.

Yule kijana tulimsomea maelezo yetu. Alifuta mstari wake wa zamani, akaandika upya, ukurasa na nusu, akaingiza na habari za merikani na za Kiliba. Mama yake hajui kusoma, akaomba asomewe. Alipofika mwisho, mama alitwaa beseni lake akasema: "Hapo sasa nami nimo." Mtoto akaongeza mstari mmoja chini, swali la mama yake juu ya bei ya dola, akalipelekea darasa lote.